Mbu wa Saa Sita na Nusu

Chini kabisa ya shamba letu, pale chai inapoishia na mto kuanza kusikika, kuna kipande cha msitu ambacho hakijawahi kukatwa. Si kikubwa. Ukisimama kwenye mstari wa mwisho wa chai ukarusha jiwe, na uwe na mkono mzuri, litaanguka majini. Ng'ambo ya mto ndiko ulipo msitu wenyewe, ule wa serikali, unaopanda vilima hadi ukungu unapoufunika. Kipande chetu ni kama mguu mmoja wa msitu huo uliovuka maji ukasahauliwa upande wetu. Ndani yake kuna giza la kijani hata mchana, mizizi minene kama ng'ombe waliolala, na mbega wanaokaa juu wakituangalia kama wazee wa kanisa wanavyowaangalia watu waliochelewa ibada.

Kaka yangu mkubwa amekuwa akitaka kukikata kipande hicho tangu siku baba yetu alipozikwa, na kusema haki, alisubiri hadi wageni walipoondoka. Yeye ndiye mkulima. Ana chai, ana ng'ombe watatu wa maziwa, ana magoti yanayomuuma kwa sababu zinazoeleweka. Mimi nilienda chuo kikuu nikarudi na shahada ya falsafa na mazoea ya kuandika makala kuhusu kazi zinazofanywa na watu wengine. Magoti yangu huniuma kwa sababu ya kukaa. Kaka anapozungumza habari za ardhi mimi hunyamaza, na huo ndio mchango wangu katika kilimo, ukiacha bwawa la samaki, ambalo nitalieleza baadaye kwa kuwa sina njia ya kulikwepa.

Aliyekuwa akizuia miti ile isikatwe ni mama. Kila siku, akishakula chakula cha mchana, huingia humo na kamba ya kufungia kuni. Hukaa saa nzima au zaidi, kisha hutoka na vijiti ambavyo havingechemsha hata chai ya mtu mmoja. Siku moja nilimuuliza anafanya nini huko muda wote huo.

"Huko hakuna mtu wa kuniuliza kama nimekunywa dawa," alisema.

Nilimwelewa, kwa kuwa mtu mwenyewe ni mimi.

Halafu akapata malaria. Huku kwetu, juu ya Boito, malaria tumezoea kuihesabu kuwa ugonjwa wa watu wa chini. Sisi tuna baridi, tuna nimonia, tuna kikohozi cha Julai ambacho hukaa hadi Septemba. Mtu akipatikana na malaria, swali la kwanza la muuguzi ni alikuwa ametembea wapi. Mama hakuwa ametembea. Kwa dada yake Sigowet, ambako joto lipo na malaria wanaijua, hakuwa amefika kwa zaidi ya mwaka. Muuguzi alimpima mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Mama alimeza dawa, akalala wiki, akapona. Miezi michache baadaye ugonjwa ukarudi, na safari hii tulimbeba kwa blanketi hadi barabarani. Alikuwa mwepesi. Mimi na kaka tulitembea, kila mmoja ameshika pembe zake mbili, na nadhani wote wawili tulikuwa tukifikiria uzito ule.

Aliporudi nyumbani kaka hakupoteza muda.

"Mbu wanatoka hapo," alisema, akanyoosha kidole dirishani kuelekea mtoni. "Hiyo msitu itamaliza huyu mama. Tukate, tupande chai, kwisha."

"Na kwa chai hakuna mbu?" mama akauliza. Alikuwa amejifunika hadi kidevuni, lakini sauti ilikuwa imepona.

"Chai tunapogoa. Jua linaingia."

"Nimekaa na hiyo miti tangu niolewe. Imeanza kuniuma mwaka huu?"

"Mama, hali ya hewa imebadilika. Siku hizi kuna joto."

Hilo lilikuwa kweli. Mama alitazama paa.

"Sawa," alisema. "Mkinionyesha kwamba mbu wa malaria anatoka kwa hiyo miti, mkate. Hata kamba nitawashikia. Lakini mnionyeshe. Sijasema mniambie."

Wote wawili walinigeukia. Katika familia yetu neno kuonyesha ni la shule, na shule ni mimi.

"Si hiyo ndiyo kazi yako, profesa?" kaka akasema. Sijawahi kuwa profesa. Yeye huniita hivyo ninapochelewa kuamka.

Bahati ilikuwa kwamba mwaka huo mtafiti wa mbu alikuwa amepanga chumba sokoni. Alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, mfupi, mwenye koti lenye mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka, na alikuja kuchunguza mbu wanaoishi ukingoni mwa msitu. Watu walisikia kuna daktari, wakaanza kumpelekea migongo na vidonda vya tumbo. Mwishowe alibandika karatasi mlangoni: DAKTARI WA MBU. SI WA WATU. Mzee mmoja aliisoma vizuri, akabisha hodi, akauliza kama basi anaweza kuangalia ng'ombe.

Nilimweleza shida yetu. Alinisikiliza akiwa ameinamia hadubini, kwa hiyo sehemu kubwa ya habari za mama yangu niliisimulia kwa kisogo chake.

"Nyinyi watu wa baridi mnachekesha," alisema. "Kwetu mbu tunaishi nao kama mashemeji. Hapa mtu akiona mmoja anaitisha mkutano."

"Tunataka kujua kama mbu wetu anatoka msituni, daktari."

"Mbu wenu yupi? Nani amekuambia mbu ni mmoja? Kwa hiyo miti yenu kuna aina nyingi, mwalimu, na hawajuani. Kuna mwenye anazaliwa kwa shimo la mti, maji ya kujaza kijiko. Kuna mwenye anazaliwa kwa jani lililokunjika. Wengi hawana haja na damu yako. Wengine wanauma chura tu."

"Chura?"

"Chura. Usijione wa maana sana."

Aliniita mwalimu kwa sababu nilipomwambia naandika makala alifikiri kidogo, akaamua kunisaidia kwa kunipa kazi inayojulikana.

Alinipa vifaa. Kulikuwa na mrija wa kunyonyea mbu, wenye wavu ndani ili mnyonyaji asimeze, na vikombe vya karatasi vya kuwaweka. Kulikuwa na vidonge vya kukinga malaria, vya kumeza kabla ya kazi. Kulikuwa na mtego wa taa wenye feni ndogo, wa kutundika usiku chumbani kwa mama. Na kulikuwa na fomu: tarehe, mahali, saa, idadi. Nikae ukingoni mwa miti jioni sita, suruali nimekunja hadi magotini, na kila mbu atakayetua mguuni nimnyonye kabla hajanichoma. Nihesabu kila robo saa, kuanzia nusu saa kabla ya jua kuzama hadi giza likamilike.

"Hiyo ndiyo saa yao," daktari alisema. "Ukiikosa hiyo, umekosa kila kitu."

Jioni ya kwanza mama alinifuata bila kualikwa. Alikuwa amevaa gambuti na blanketi, mkono mmoja kigoda, mkono wa pili saa ya jikoni, ambayo alikuwa ameitoa ukutani. Nilimwambia nina simu.

"Simu yako inazimika," alisema, na ilikuwa imezimika.

Alikaa nyuma yangu hatua mbili, saa ameilaza mapajani kama mtoto wa mtu mwingine. Nilikunja suruali. Alitazama miguu yangu kwa muda mrefu.

"Weri," alisema, ambalo kwa Kipsigis ni neno la kumwita mwana wa kiume, na nina miaka hamsini na miwili, "hii miguu ni ya mtu anaishi?"

Sasa nieleze nilichokiona, maana kabla ya hapo nilikuwa nimeishi kando ya miti ile nusu karne na nikidhani jioni ni kitu kimoja. Si kimoja. Jua likiwa bado kwenye majani ya juu, alikuja mbu mdogo mweusi mwenye miguu ya milia myeupe, mwepesi, mwenye haraka, kama mtu anayetaka kumaliza shughuli sokoni kabla ya mvua. Baada yake akaja mkubwa sana, wa rangi ya samawati inayong'aa, mdomo umepinda kuelekea chini. Niliruka kutoka pale nilipokaa. Baadaye daktari aliniambia huyo haumi mtu kabisa, hunywa utamu wa maua, na watoto wake hula watoto wa mbu wengine. Nilikuwa nimemkimbia rafiki pekee niliyekuwa naye pale.

Jua liliposhuka nyuma ya mlima, ndege aina ya kwarara walipita wakipiga kelele kwenda kulala, na kukawa na kimya kifupi. Kisha vyura wakaanza, na pamoja nao wakaja mbu ambao niliwasikia lakini hawakutua kwangu. Walipita masikioni wakaenda mtoni, kwa vyura wao. Kutoka upande wa kiwanda harufu ya chai inayokaushwa ilipanda polepole, na nikafikiria wafanyakazi wa zamu ya mchana wakitoka getini na wa usiku wakiingia, kila mmoja na kofia yake, bila kusalimiana sana. Mbu walikuwa hivyo hivyo. Kwa robo saa walikuwa wa milia, robo saa iliyofuata wa kahawia, na kila kundi lilijua saa yake kuliko nilivyowahi kujua saa yangu ofisini.

"Kumi na mbili kasoro robo," mama alitangaza nyuma yangu. Niliandika 11:45.

"Kumi na mbili." Niliandika 12:00.

"Kumi na mbili na nusu." Hapo ndipo walikuwa wengi kabisa, na niliandika 12:30 na idadi yao huku nikipiga chafya, kwa sababu mmoja alikuwa amepita kando ya mrija na kuingia puani.

Mtu aliyeketi mbele ya mama yake huandika anachoambiwa. Tulifanya hivyo jioni sita. Siku ya nne nilimmeza mmoja, wavu wa mrija ukiwa umechanika, na mama alitaka kujua kama huyo pia namhesabu. Siku ya tano zilitajwa saa tu. Siku ya sita alisema, bila kuniangalia, kwamba baba alikuwa akipenda kukaa pale pale saa zile zile na redio, na kwamba aliizima vyura wakianza. Kisha akasema, "Moja kasoro robo," nikaandika 12:45.

Nilipeleka fomu na vikombe sokoni. Asubuhi hiyo hiyo nilichukua mtego wa taa chumbani kwa mama, nao ulikuwa na mbu kadhaa, nikaupeleka pia. Daktari alisema kutambua aina kungechukua muda, kwa kuwa kila mmoja lazima apite chini ya hadubini, lakini hesabu za saa zingeingizwa kwenye kompyuta na msaidizi wake mjini na ningetumiwa mchoro.

Mchoro ulikuja wiki mbili baadaye. Ulikuwa mzuri. Kulikuwa na mstari unaopanda kutoka kushoto, unafika kileleni, unashuka, na chini yake maelezo ya Kiingereza ambayo nilisoma mara tatu kwa furaha inayoongezeka. Yalisema kwamba mbu wa eneo letu hushambulia zaidi adhuhuri, kilele kikiwa saa sita na nusu mchana, jambo lisilo la kawaida, na kwamba lingefaa kufuatiliwa.

Ningependa kusema nilishtuka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa pale na tochi kichwani. Mimi ndiye niliyesikia vyura. Lakini karatasi ilikuwa imechapwa, ilikuwa na mstari wa buluu, na mtu aliyesoma chuo kikuu akipewa nafasi ya kuchagua kati ya miguu yake na mchoro, huchagua mchoro. Jioni hiyo nilianza makala. Nilikuwa nimeshafika ukurasa wa tatu, mahali ambapo mbu wa adhuhuri anageuka kuwa mfano wa jambo fulani kuhusu taifa.

Jumapili baada ya kanisa niliwasomea matokeo. Tulikuwa sebuleni, mimi, mama na kaka, na chupa ya chai katikati. Nilitafsiri polepole, nikitumia sauti ambayo mke wangu ameniomba niache.

Kaka aliweka kikombe chini. "Rudia hapo kwa saa."

"Saa sita na nusu mchana."

"Mama anaenda kuokota kuni saa ngapi?"

Nilitazama karatasi tena. Mama huingia kwenye miti akishakula. Tunakula saa sita.

"Saa sita na nusu," kaka akajijibu. Hakusema kwa ushindi. Alisema kama mtu aliyepewa matokeo ya hospitali. "Kila siku anajipeleka mwenyewe. Wao wanamngoja hapo kama watu wa foleni." Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Kesho yule jamaa wa msumeno wa injini anakuja. Nilimwambia angoje neno langu. Neno langu ni hili."

"Bado hatujaambiwa aina," nilisema.

"Unataka aina ama unataka mama?"

Nilikuwa nimemletea ushahidi kwa mikono yangu miwili, na ulikuwa na mstari wa buluu.

Mama alinyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

Aliisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha akavaa miwani. Kiingereza hakusoma, lakini tarakimu anazijua. Ameuza maziwa miaka mingi. Alipitisha kidole chini ya mchoro, polepole, kutoka kushoto.

"Hapa imeandikwa kumi na moja na nusu," alisema. "Hapa kumi na mbili. Hapa kumi na mbili na nusu, ndiyo hii juu."

"Ndiyo, mama. Hiyo ni saa sita na nusu kwa Kiingereza," nikamweleza kwa upole.

"Si hii ndiyo ile nilikuambia?"

"Ipi?"

"Mimi nilikuambia kumi na mbili na nusu, wewe ukaandika. Mbu akakuingia puani." Alivua miwani. "Saa sita na nusu mimi nilikuwa huko kuokota kuni. Peke yangu. Wewe ulikuwa umelala."

Saa ya jikoni, ambayo ilikuwa imerudishwa ukutani, ilisikika vizuri. Mshale wake mfupi ulikuwa kwenye mbili, na wote watatu, kama tungeulizwa, tungesema ni saa nane. Hivyo ndivyo tunavyosoma saa huku tangu utoto. Macho yanaona namba moja, mdomo unataja nyingine, na hesabu inafanyika mahali fulani katikati bila sisi kujua. Nilikuwa nimejaza fomu ya Kiingereza kwa saa za mama. Msaidizi wa mjini alikuwa ameona 12:30 na kufanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kisha mimi, niliyekuwepo, nikamwamini yeye.

"Kwa hivyo ni jioni," kaka alisema.

"Ni jioni," nilisema.

"Umesoma miaka mingapi, profesa?"

Nilimwambia. Alitikisa kichwa kama aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hatakinunua.

Lakini hakumpigia mtu wa msumeno kumzuia. Jioni au mchana, alisema, mbu ni mbu, na mama hukamua ng'ombe jioni. Mama naye hakubishana zaidi. Alichukua kamba yake ukutani, ingawa ilikuwa Jumapili na kuni zilikuwepo, akashuka mtoni. Nilimwona kutoka dirishani akiingia kwenye miti, na sikumuuliza kuhusu dawa. Nilitoka nje nikampigia daktari simu.

Alicheka muda mrefu sana, na simu nilikuwa nikiilipia mimi. Kisha akasema aina zimeshajulikana, lakini hataki kuzisema kwa simu kwa mtu kama mimi. Angekuja mwenyewe.

Jumatatu walifika karibu pamoja. Mtu wa msumeno alitoka Siongiroi kwa pikipiki, msumeno ameufunga mgongoni kama gitaa. Alikuwa mpole, akasalimia kila mtu kwa mkono, akamuuliza kaka aanzie upande gani. Kaka alimwonyesha. Mama alikuwa amesimama kwenye mstari wa mwisho wa chai, kamba imezungushwa mkononi, na hakuwa anamwangalia yeyote kati yetu. Alikuwa ameahidi kuwashikia kamba, na alikuwa ameileta.

Ndipo daktari akashuka kutoka juu na koti lake la mifuko.

"Mama, habari ya asubuhi. Ni wewe ulikuwa unashika saa?"

"Ni mimi."

"Kazi nzuri. Huyu mwingine tutamwona." Aligeukia kaka. "Wewe ndiye unataka kukata?"

"Nataka mama yangu awe mzima, daktari."

"Basi sikia. Wale wa jioni, wa hapa kwa miti, nimewapitia wote. Aina tisa. Hakuna hata mmoja wa malaria. Hawa hawataki maji yenye jua, wanazaliwa gizani. Lakini kwa mtego wa chumbani kwa mama, wapo. Wale wenyewe, wa kusimama na mkia juu." Aliinua mkono mmoja akauelekeza chini kama ndege inayotua. "Hao wanazaliwa kwa maji yamesimama, yamepata jua, hayana kivuli, hayana samaki. Ukikata miti hapa, ukaacha mashimo ya visiki yajae mvua, utakuwa umewajengea nyumba. Sasa niambie. Hapa kwenu maji kama hayo yako wapi?"

Kaka na mama, bila kupatana, walinitazama.

Sasa nieleze lile bwawa. Miaka mitatu kabla ya hapo nilisoma kwamba mwananchi aliyeelimika anapaswa kufuga samaki. Nilichimba bwawa nyuma ya nyumba ya mama, mahali penye jua zuri, nikakata mti mmoja ili jua liwe zuri zaidi. Nikaweka ngege mia moja. Baridi iliwadumaza, ndege mdiria akawala walioonekana, na waliobaki walikufa mwaka niliokuwa nikiandika makala ndefu kuhusu usalama wa chakula. Tangu hapo bwawa lilikuwepo tu. Nilipanga kulitafakari.

Tulipanda hadi kwenye bwawa, na daktari akaomba upawa. Mama aliuleta kutoka jikoni. Daktari alichuchumaa kwenye ukingo, akachota maji mara moja, akayaacha yatulie, akatuita. Tuliinama wote wanne, na mtu wa msumeno wa tano. Ndani ya upawa, juu kabisa ya maji, vilikuwa vimelala viluwiluwi vyembamba, sambamba na uso wa maji, vimenyooka kama vijiti vya kiberiti.

"Hawa ndio," daktari alisema. "Wa kulala hivi. Bwawa ni la nani?"

"La msomi," mama alisema.

Kutoka pale hadi dirisha la chumba chake ni hatua ishirini. Sikuzihesabu wakati ule. Nilizihesabu jioni, peke yangu, na kuzirudia. Nilifikiria blanketi lile na uzito ule niliousema. Kaka angeweza kusema chochote na kingekuwa haki yake. Alichofanya ni kuvua koti, kulitundika kwenye ua, na kwenda kuleta makoleo mawili. Moja akanipa mimi.

"Sasa mimi nakata nini?" mtu wa msumeno akauliza.

Mama alifikiri. "Kata ule mti wa blugamu unaegemea choo," alisema. "Halafu uje ule."

Tulifukia bwawa kwa siku mbili, kaka na mimi. Yeye alitupa koleo tatu kwa kila moja yangu na hakulitaja bwawa wala shahada. Siku ya pili alasiri, tukiwa tumesimama kupumua, alitazama chini kuelekea mtoni.

"Hiyo msitu bado inakula ekari yangu," alisema.

"Najua."

"Nasema tu."

Hajasema tena hadi leo, na mama hajapata malaria tena, ingawa tulimfungia chandarua, na chandarua nacho kina haki ya kusifiwa. Makala ya mbu wa adhuhuri niliitupa. Kurasa tatu za kwanza hazikuwa mbaya.

Daktari, kwa upande wake, hakuweza kutumia fomu zangu. Alisema angeweza kusahihisha saa kwa kalamu, lakini mtu aliyekosea kitu kimoja hujui amekosea vingapi. Nirudie. Kwa hiyo tulirudi pale ukingoni jioni sita nyingine, mimi na mama na saa ya jikoni, mimi mbele na miguu yangu, yeye nyuma na gambuti. Safari hii nilikuwa nimeandika maagizo kwa herufi kubwa juu ya karatasi: TOA SITA, JUMLISHA KUMI NA MBILI.

Kwarara walipita. Kimya kikaja, kisha vyura.

"Kumi na mbili na nusu," mama alisema.

Nilitoa, nikajumlisha, nikaandika.

"Umeandika ngapi?"

"Kumi na nane na nusu."

Kwenye goti langu mmoja wa kahawia alikuwa ametua, nikamnyonya.

"Hakuna saa kama hiyo," mama alisema, akasogeza kigoda chake karibu kidogo na miti.